Hakuna Aliyesema Kata

Wa kwanza kuona alikuwa mama, na haikuwa ajabu, maana mama wa nyumba ile hata kijiko kikihama mahali alijua. Binti yake mdogo aliingia jikoni na beseni la nguo mbichi, akafika katikati ya mlango na meza, akasimama. Akageuza shingo kushoto taratibu, kama mtu aliyeitwa. Akasikiliza. Kisha akashusha pumzi na kuendelea na safari yake ya uani.

"Nani kakuita?" mama akauliza.

"Hakuna, mama."

Aliporudi na beseni tupu akafanya vilevile, mahali palepale. Jioni akarudia. Mama akaacha alichokuwa anakipika, akamfuata binti yake mkubwa sebuleni.

"Mwenzio ana nini? Mmemfundisha nini humo chumbani kwenu?"

Binti mkubwa akacheka, lakini kicheko kikamkaukia mdomoni. Ile shingo aliijua. Aliifundisha yeye mwenyewe, kwa kipande cha utepe mwekundu alichokibandika kwenye sakafu ya chumba cha uani: ukifika hapa simama, geuka kushoto, sikiliza, shusha pumzi, nenda. Jikoni hapakuwa na utepe wowote.

Huyu binti mkubwa mtaa mzima ulimwita Dairekta, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na marehemu baba yake. Alikuwa anatengeneza filamu fupi, bila kampuni wala mfadhili, kwa kamera ya rafiki yake mpiga picha za harusi ambaye watu walimwita Jicho. Hadithi yenyewe ilikuwa ya msichana mpole anayemsaka mchawi anayeila familia yake. Anasaka weee, mwisho anainama juu ya beseni la maji katika chumba chenye giza na kuuliza, "Nani uliyemo? Jitokeze nikujue." Halafu anainua uso, na sisi watazamaji tunaona usoni pake kwamba amejua: mchawi ni yeye mwenyewe. "Ni hadithi ya mtu kujitambua," Dairekta alipenda kuwaambia watu, na akilitamka neno hilo alikuwa anafumba macho kidogo, kama anayeonja kitu kitamu.

Msichana huyo alimpa mdogo wake amwigize. Waigizaji wengine hakuweza kuwalipa, na mdogo wake hakujua kumkatalia. Alikuwa muuzaji wa duka la vitambaa, mwoga wa giza tangu utotoni, mtu mzima anayelala na taa. Yeye peke yake hakuwahi kumwita dada yake Dairekta.

"Dada, mimi mambo haya siyataki," alisema alipopewa maneno ayakariri.

"Ni kuigiza tu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Cha uvunguni unakitaka wewe, Dada. Anayeinama ni mimi."

Walicheka wote wawili, na mdogo akainama.

Walipiga picha ile ya beseni saa sita mchana, jua likiwa utosini. Madirisha ya chumba cha uani yalizibwa kwa vitambaa vizito vyeusi vilivyoazimwa dukani kwa mdogo mtu, nyufa zikazibwa kwa matambara. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Ndani palikuwa usiku. Na usiku wa kutengeneza ni mzito kuliko wa Mungu, maana hauna hata nyota. Taa moja ndogo iliwekwa nyuma ya beseni, na vumbi lililoungua juu yake likatoa harufu kama ya nywele zilizoshika moto.

"Haya, anza," Dairekta akasema.

Mdogo wake akaingia, akasimama kwenye utepe, akageuka kushoto, akashusha pumzi, akapiga magoti. Akainama juu ya maji na kusema maneno yake. Maji yakatikisika. Hakuna aliyeyagusa. Halafu msichana akaanza kulia, kilio ambacho hakikuwa kimeandikwa popote, kilio cha chini cha mtu anayeona kitu na hana pa kukimbilia. Mtu mwingine angeacha kazi akamkumbatia mdogo wake. Dairekta alimbana Jicho bega na kumnong'oneza, "Usiguse kitu." Alikuwa anausubiri uso uinuke. Na ulianza kuinuka kweli, nywele zikaachana na maji, na hapo ndipo betri ilipokufa na kamera ikazima.

Jicho akalaani betri na ukoo wake. Dairekta akajishika kichwa. Mama akaita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa. Mtu mmoja akavuta kitambaa, jua likamwagika ndani, wakaenda kula. Watu wa kazi ile wana neno moja la kuanzia na moja la kumalizia. Mwongozaji akisema "anza", mwigizaji anaacha kuwa yeye; akisema "kata", anarudishiwa nafsi yake. Siku ile la kwanza lilisemwa. La pili hakuna aliyelikumbuka.

Baada ya ile shingo ya jikoni mambo hayakukawia. Mdogo mtu akaanza kufunga mapazia ya nyumba nzima mchana kweupe. Akaacha kulala na taa. Dukani mwenye duka alimkuta amesimama mbele ya wateja, kitambaa mkononi, ametega sikio upande wa kushoto, wateja wamemkodolea macho. Akamwambia apumzike nyumbani. Harufu ya nywele zilizoungua ikahamia ukumbini, ukiifuata inakupeleka mpaka mlangoni kwake. Mama akafua, akadeki, akafukiza, wapi.

Alasiri moja mama aliusukuma mlango ule. Ndani palikuwa giza, na binti yake alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni kavu, lile lile la nguo, nywele zimemfunika uso, na mama akasikia maji, akasikia wazi maji yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa, ndani ya beseni lisilo na hata tone, akamsikia mwanawe akiuliza kwa sauti ya kubembeleza nani uliyemo, na chini kabisa, chini kuliko sakafu yenyewe, akasikia mwanamke anakohoa kidogo kama mwenyeji anayetaka kujibu hodi. Mama alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta wa ukumbi.

Na Dairekta je? Msimwonee, alihangaika. Alimkanda mdogo wake kichwa, alimpeleka hospitali, wakaambiwa ni uchovu. Lakini kila alipokaa peke yake aliifungua ile picha, akaitazama mpaka pale nywele zinapoachana na maji na kioo kinakuwa cheusi, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Filamu nzima ilikuwa imekamilika, imebaki uso huo tu. Kwa mdogo wake alisikitika, ila kwa uso ule alilia machozi.

Mganga aliyeletwa na mama alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na haraka zake. Alimtazama mgonjwa kutoka mlangoni, hakuingia.

"Nani kamroga mwanangu?" mama akanong'ona.

"Bado hajarogwa. Ameitiwa mgeni tu. Mtu harogwi na wa mbali, mama. Anarogwa pale wa kwake anapomtoa kafara." Akamgeukia Dairekta. "Wewe ndiye uliyemwita jini?"

"Tulikuwa tunaigiza."

"Majini hawajui kuigiza. Wanajua kuitwa. Mlipomaliza mlimuaga vipi?"

Dairekta akaikumbuka ile betri. "Tuna neno tunasema," alisema taratibu. "Sikulisema."

Mganga akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Akawaeleza kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni. Kila kitu kirudi kama kilivyokuwa: vitambaa, taa, maji, nguo, kamera. Msichana ataongozwa afanye yote tena. "Atainua uso akutazame wewe, maana wewe ndiye uliyemwita. Hapo hapo sema neno lako. Ukichelewa pumzi moja, mgeni atajua unamtaka."

"Sitachelewa," Dairekta alisema, na wakati anasema alikuwa anamaanisha.

Jicho hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu msichana aliwahi kumshonea kitufe cha shati bila kuombwa, ndivyo alivyosema mwenyewe. Dairekta alimwambia aje na betri mbili. Jicho alimtazama.

"Za nini mbili?"

"Kila kitu kiwe sawa, mganga amesema."

Wakaziba madirisha. Nje jua lilikuwa kali, redio ya jirani inasoma matokeo ya mpira. Mama alibaki ukumbini na mganga, mlango umefungwa. Dairekta akasema, "Haya, anza."

Mdogo wake akaingia. Akasimama kwenye utepe, akageuka kushoto, na safari hii kushoto pakashusha pumzi kabla yake. Jicho alisikia, akainua kichwa kutoka kwenye kamera. Msichana akapiga magoti, akainama, akauliza swali lake, na maji yakaanza kuzunguka yenyewe, harufu ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, vitambaa vyeusi vikavutwa ndani kana kwamba nyumba imevuta hewa na haitaki kuitoa, na kutoka chini ya nywele zile kikatoka kilio kilekile cha siku ile, kisha kikatoka kicheko chembamba juu ya kilio, vyote viwili kwa wakati mmoja kutoka koo moja, na polepole, polepole kuliko mwanadamu anavyoweza kuinua kichwa chake, uso ukaanza kupanda.

Ulikuwa uso wa mdogo wake, na haukuwa. Mwanga wa ile taa ndogo uliushika shavuni ukateleza hadi kwenye mdomo, na machoni mlikuwa na kitu ambacho Dairekta alikuwa amekitafuta maisha yake yote, kwa kila mwigizaji, kwa kila kioo alichojitazama: mtu anajijua hadi mwisho na haoni haya. Macho yale yalimtazama yeye.

"Sema," Jicho akanong'ona.

Dairekta alikuwa na neno juu ya ulimi. Alikuwa nalo kabisa. Akatupa jicho kwenye kioo cha kamera, akaona jinsi uso ulivyojaa, jinsi machozi yalivyokuwa bado yananing'inia kidevuni hayajadondoka, akawaza, lidondoke chozi hili moja tu.

"Sema, wee dada, sema," Jicho akamsihi.

Likadondoka. Uso ukatabasamu, na mdomo wa mdogo wake, kwa sauti ya Dairekta mwenyewe, ukasema, "Kata."

Kila kitu kikatulia. Msichana akainuka, akajipangusa magoti, akavuta kitambaa cha dirisha. Jua likaingia. Akaenda ukumbini akamkumbatia mama yake na kumwambia ana njaa, na mama akaangua kilio cha furaha.

Mganga alimtazama msichana, akamtazama Dairekta aliyekuwa bado amesimama nyuma ya kamera, akaanza kufunga mkoba wake.

"Amepona?" mama akauliza.

"Mimi namtoa mgeni asiyetakiwa, mama. Wa kutakiwa simwezi." Hakunywa hata maji waliyompa.

Jicho aliacha kamera yake palepale, hakuirudia tena. Alipopita mlangoni alimwambia Dairekta kwa sauti ndogo kwamba jina lake asiliandike popote.

Mdogo mtu akarudi dukani, akawa mchangamfu kuliko zamani, wateja wakampenda. Alilala gizani. Alifanya kazi zote za nyumbani. Kitu kingine kimoja kilibadilika, na mama alidhani ni heshima: sasa alikuwa akimwita dada yake Dairekta.

Dairekta aliihariri filamu peke yake, amejifungia. Alipofika kwenye ule uso aliisogeza picha polepole, na ndipo alipoyaona maji. Juu, uso ulikuwa unatabasamu. Chini, ndani ya beseni, ambako kivuli cha uso huohuo kilipaswa kuwa, kulikuwa na mdogo wake analia. Alikuwa amegandamiza viganja kwa ndani, kama mtu aliye nyuma ya dirisha, na mdomo wake unarudia kitu kimoja. Dairekta hakuhitaji sauti. *Dada, sema. Dada, sema.*

Akasema. Alisema "kata" mbele ya kompyuta ile mpaka sauti ikamwishia, na wa kwenye maji akaendelea kupiga viganja. Akaweka mkono juu ya kitufe cha kufuta. Kisha akaiacha picha ilivyo, maana bila hiyo filamu haikuwa na mwisho.

Ilionyeshwa katika ukumbi uliojaa. Mama alikaa mstari wa mbele, mkono wake umeshikwa na binti yake mdogo, Dairekta upande wa pili. Ulipofika ule uso, ukumbi ukaguna wote. Mama akainama mbele.

"Huyo wa kwenye maji," alinong'ona, "mbona ananitazama? Anasema nini?"

"Ni maji tu, mama," Dairekta akajibu. "Yanatikisika."

Taa zikawashwa, watu wakasimama kupiga makofi. Kijana mmoja wa nyuma akapewa kipaza sauti, akaipongeza kazi, akasema ana swali moja dogo. Mwisho haukumwelea vizuri. Katika hadithi hii, mchawi hasa ni nani?

Dairekta alikichukua kipaza sauti, akakiinua. Mdogo wake akakipokea kutoka mkononi mwake kwa upole, akageuza shingo kushoto, akatega sikio, akashusha pumzi.

"Mwulizeni Dairekta," alisema akitabasamu. "Ameshajitambua."

Ukumbi ukacheka na kupiga makofi tena. Mama hakucheka. Alikuwa ameyakumbuka maneno ya yule mganga: mtu harogwi na wa mbali. Akautoa mkono wake kwenye mkono wa yule aliyekaa kulia kwake, akautazama, kisha akamtazama binti yake mkubwa kushoto, akakosa upande wa kuelekea.