Giaboksi ya Mzee Mukhisa

Giza lilikuwa linaanza kuingia Tongaren Hesbon alipoinama kaburini kuupaka msalaba wa baba yake oili chafu. Mchwa walikuwa wameanza kuutafuna, na oili chafu ndiyo dawa yao. Hii ilitoka kwenye giaboksi ya gari la marehemu mwenyewe. Kagwe, fundi wa Matisi kule Kitale, aliimwaga asubuhi na kutia mpya. Alifanya hivyo shingo upande.

"Mzee wako alinikataza, bana. Ati siku nitafungua giaboksi yake akiwa hayuko, nitamjua."

Hesbon alicheka. Mzee Mukhisa alikuwa na roho mbaya hata kwa kuku, na ufunguo wa gari alilala nao. Sasa yuko chini ya udongo, atafanya nini?

Kagwe alimwagiza akifika nyumbani aache injini ikinguruma, gia ikiwa kwenye P, ile ya kuegesha, oili ipate moto ndipo aipime kwa kijiti. Kwa hiyo gari lilinguruma uani, na bintiye Nekoye, wa miaka mitano, alikuwa ndani akichezea usukani. Baba gani huacha mtoto hivyo? Hesbon ndiye.

Akapaka. Mti wa msalaba ukainywa oili yote... ukabaki mkavu.

Kisha ikaja harufu. Tumbaku. Tumbaku ya mzee.

"Nani huyo?" akanong'ona.

Kule uani, gia ikalia. Kla.

Taa nyeupe za nyuma zikawaka. Gari likaanza kurudi nyuma polepole, likilaza mahindi, likija kaburini. Hesbon alijua vizuri kwamba gia ile haitoki P mpaka breki ikanyagwe. Na miguu ya Nekoye haifiki kwenye breki.

Alikimbia, akashika mlango. Umefungwa. Akapiga kioo kwa ngumi hadi vidole vikatoka damu. Ndani, Nekoye alikuwa analia huku mikono yake yote miwili iko kichwani. Usukani ulikuwa unajizungusha.

Nyuma ya kaburi kulikuwa na mteremko, na chini ya mteremko, mto.

"Nekoye! Fungua, mama!"

Gari halikusimama. Hesbon akapiga magoti kwenye udongo wa kaburi.

"Baba, nimekosa! Gari ni lako, lichukue! Mtoto niachie tu!"

Injini ikazimika. Gurudumu lilikuwa limegusa msalaba. Mlango ukafunguka wenyewe, na Hesbon akamnyakua bintiye, akamkumbatia kwa nguvu. Mwili wa mtoto ulikuwa baridi. Mlango ukajibamiza nyuma yao.

Emmy, mkewe, alikuja mbio kutoka jikoni. "Baba Nekoye, ni nini? Mtoto ako sawa?"

"Ako sawa," Hesbon alisema, machozi yakimtoka. "Ako sawa, Emmy. Kuka, babu yake, amemwachilia."

Mtoto akainua uso begani kwake. Akamtazama kwa chuki ambayo Hesbon aliifahamu tangu utotoni.

"Niweke chini, Hesbon," akasema kwa sauti nzito.

Ndani ya gari tupu, kitu kikaanza kupiga kioo.

"Baba!" Nekoye akalia kutoka mle ndani. "Baba, mbona umeniacha?"