Kesi ya Mwalimu Marehemu

Harufu ilianzia kwenye kiti. Kile kitupu, mbele ya darasa la wauguzi wanafunzi, cha mgonjwa ambaye hayupo. Leo kilinuka bendeji mbichi. Mwalimu akadhani ni soksi za mtu.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Marehemu, maana wagonjwa aliowatunga kwa mazoezi hawakupona hata mmoja. Kesi ya kichomi, mgonjwa anakufa. Ya kuhara, anakufa. "Kifo hakisahauliki!" alikuwa akisema, kitambi kikitikisika kwa kicheko. Aliwaigiza mwenyewe, kwa kukoroma na kugaragara, na sharti lilikuwa moja: hakuna kumgusa mgonjwa kabla kikundi hakijakubaliana ana nini.

"Haya wanangu, leo tuna kesi."

"Mshtakiwa nani?" kiti kikauliza.

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu kaweza leo, hata mdomo haujacheza!

Yeye hakucheka. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu kama koo la mwenye homa.

"Umenitunga, ukaniua. Ukanitunga tena, ukaniua tena," ikamnong'oneza, safari hii ndani ya sikio. Kisha kwa darasa zima: "Andikeni. Mwanamume, miaka hamsini na mbili, mnene, anapenda kuchekwa. Ghafla pumzi imekata."

Na pumzi ikakata; vidole baridi, vyenye majimaji, vikamwingia kooni vikipekua kama vya mtu anayetafuta ufunguo mkobani, akaanguka, akagaragara, akapiga sakafu kwa viganja, akawatolea macho wanafunzi wake aliowafunza vizuri mno, nao wakavuta viti wakakaa duara, kalamu mkononi, mmoja akisema pumu, mwingine akisema amepaliwa, wa tatu akisema jamani tusikurupuke, tuanze na magonjwa ya ukoo.

Alitaka kusema "nisaidieni". Ulitoka mkoromo.

"Huyu mzee noma!" mmoja akapiga makofi. "Oneni, hadi midomo imekuwa ya bluu!"

Binti mmoja akanyoosha mkono kumshika shingo.

"Wee dada, usimguse!" jirani yake akamvuta. "Utatukosesha maksi!"

Walipokubaliana kwamba mgonjwa kakabwa koo, mgonjwa alikuwa ametulia. Kiongozi wa kikundi akainama kwa adabu.

"Samahani, mwalimu. Tumepata?"

Mdomo wa maiti ukafunguka, ukajibu kwa sauti ya kike.

"Mmepata. Mmechelewa tu." Macho yakageuka polepole. "Na wewe wa maksi, mwanangu. Una miaka mingapi?"