Mfupi wa Kwetu Kinole

"Hilo goti langu, kaka!"

"Lako? Kwani mbuzi mwenyewe ulikuwa unamjua?"

Buchani pale Soko Kuu watu wakaangua kicheko. Mwanvita, baibui jeusi na mtandio wa rangi ya embe bivu, akashusha macho kumtafuta aliyemjibu. Alikuwa mwanamume mfupi mno, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na suti ya Kaunda imemkaa utadhani kazaliwa nayo. Ndiye Hafidhi, fundi cherehani, kijana wa Tanga.

"Nalitaka la kusomea," Mwanvita akajitetea. "Nachunguza gegedu, ule mfupa laini."

"Mimi la supu. Haya chukua, mwalimu, ila kesho uje tunywe supu ya goti jingine."

Kesho yake Mwanvita akaenda. Mapenzi hayana hodi, na masika yalipokwisha hawakuwa wakilala bila simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo wewe!"

Siku moja Mwanvita akampeleka maabara, chuoni Mazimbu, akamwonyesha panya wake wenye miguu mifupi. Akaeleza kwa furaha: mfupa mrefu huanza kama gegedu, gegedu hurefuka, kisha hugeuka mfupa, na jeni ndizo zinazoliamuru. "Hawa jeni yao moja imezidi ukali. Inalizuia gegedu kabla halijarefuka."

"Kama mimi."

"Kama wewe."

"Na tukizaa?"

"Nusu kwa nusu, mfupi au mrefu," akajibu, kana kwamba yuko darasani. Jamani, usomi nao!

Hafidhi akavaa kofia yake, akaondoka. Simu hakupokea tena. Mwanvita akabaki kusikiliza sauti zake za zamani kwenye WhatsApp, chakula hakipiti, na milima ya Uluguru dirishani anaitazama bila kuiona. Alimtamani mpaka akaumwa.

Mwisho akamteremsha mjomba wake Yunusi kutoka kijijini kwao Kinole, wakamfuata fundi barazani anaposhonea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umemkimbia binti yetu?"

Hafidhi akainama. "Nimechekwa tangu utotoni. Mwanangu naye achekwe?"

"Mwanao?" Mjomba akashangaa. "Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama!"

"Akiwa mrefu, wetu," Mwanvita akasema, machozi yakimtiririka. "Akiwa mfupi, ni mfupi wa kwetu Kinole. Atakayemcheka atakutana na wajomba zake. Nakupenda, Hafidhi. Nioe."

Hafidhi akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja, akachukua futi yake ya kupimia.

"Basi njoo nikupime gauni la harusi. Ila mabega siyafikii."

"Si nitakaa?"

Mwanvita akavuta kigoda, akaketi.