Kitabu Kilichofungiwa Njugu

Kila alasiri, Ilham akirudi kutoka chuo cha Kurani, humsaidia mama yake, Bi Mwanapili, kufunga njugu za kuuza. Wanakaa nyuma ya maduka ya Mlandege, na mezani kwao hapakosi rundo la madaftari makuukuu yanayosubiri kuchanwa. Ilham hukunja karatasi, mama hutia njugu.

Lakini Jumanne ile alikuwa akipekuapekua rundo badala ya kukunja. Kesho yake ilikuwa zamu yake kuwasimulia wanafunzi wenzake wa Darasa la Saba kitabu alichochukua katika sanduku la vitabu walilopewa na maktaba kwa muhula mmoja. Sharti la sanduku lilijulikana: kikiharibika au kupotea kitabu, linahamia skuli nyingine. Ilham alichagua kitabu chembamba kuliko vyote, na siku ya pili tu akaandika katika daftari la wasomaji, "Nimemaliza." Kumbe hakufungua hata ukurasa! Alijiambia atakipitia siku ya mwisho, na siku ya mwisho ndiyo hiyo.

"Mama, hujakiona kitabu changu? Nilikiweka hapa, juu ya madaftari."

Bi Mwanapili aliinua jalada lililobaki na kurasa chache. "Hiki? Mwanangu, nlidhani hukitaki. Wiki mbili kimelala hapo, hukukigusa hata siku moja. Karatasi zake nshafungia njugu, na njugu zote zishauzwa."

Karatasi nane za mwisho hazikuwepo. Maji yalimfika Ilham shingoni. Aliwaza darasa zima likitazama sanduku linaondoka kwa sababu yake, na Hamid, anayekaa naye dawati moja, aliyekuwa akikisubiri kitabu hichohicho.

Aliomba ruhusa, akakimbilia kwa wateja wa mama yake. Mmoja alishatupa karatasi, mwingine alishawashia jiko. Mwisho akaingia duka la vitambaa la Mzee Gulamabbas.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Karatasi za njugu ulizonunua kwetu, umezitupa?"

Mzee alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi tano zilizonyooshwa vizuri. "Nlinunua njugu mara moja, nkasoma karatasi. Ikabidi ninunue tena, mara nne, nitafute inayofuata. Njugu zenyewe meno yangu hayaziwezi. Hebu nambie, yule Riyama aliyekwama pangoni, alitoka?"

Ilham aliinamisha kichwa. "Sijui, Mzee. Sijakisoma."

Aliona haya kwelikweli. Baada ya magharibi alisoma kila kilichopatikana, akaishia pale taa ya Riyama ilipozimika pangoni. Sasa alikuwa na hofu mbili, ya sanduku na ya Riyama.

Asubuhi, mbele ya darasa, alifikiria kubuni mwisho wake mwenyewe. Nani angejua? Lakini njia ya mwongo ni fupi, na Mzee Gulamabbas angemuuliza tena. Akajikaza, akasema yote. Hamid alimkodolea macho kwa hasira.

"Simulia ulichokisoma," alisema Mwalimu Salhiya taratibu.

Ilham alisimulia mpaka taa ya Riyama ikazimika, akaishia hapo.

"Kisha?" Hamid aliuliza, hasira zimemtoka bila kujijua.

Mchana, Mwalimu aliwapeleka wote wawili maktaba. Ilham aliungama tena. Mkutubi alizihesabu karatasi, kisha akaleta nakala nyingine. Sanduku litabaki kwa kuwa amesema kweli, alisema, mradi Ilham anakili kwa mkono karatasi tatu zilizopotea na kukishona kitabu upya. Hamid alimsomea, Ilham akaandika.

"Mama yako usimlaumu," Mwalimu alimwambia. "Ulikiacha kama karatasi, naye akakiona karatasi. Kitabu huwa kitabu kikisomwa. Na ukiandika umesoma hali hujasoma, unayemnyima ni wewe mwenyewe."

Jumamosi, kwa ruhusa ya Mwalimu, Ilham alikipeleka kitabu dukani Mlandege.

"Mzee, Riyama alitoka. Alipofika..."

"Basi, usinambie," alisema Mzee Gulamabbas, akivaa miwani na kunyoosha mkono. "Kilete nisome mwenyewe."