Lindo la Ghala la Unga

Binti alirudi kutoka kazini, kwenye ghala la unga, akasimama mlangoni na mpini wa ufagio begani. Baba yake, fundi viatu mjane, akacheka.

"Wamekuandika jeshini, mama?"

Binti akakaza mpini begani. Alinuka mafuta ya bunduki. Hakuketi, hakula, miguu ikamvimba. Kila alipovutwa ndani alirudi palepale. Mwenyezi Mungu alikwisha kumchukua mama yake. Huyu ndiye aliyembakia fundi viatu.

Shehe aliyeitwa alipomsomea dua, kooni mwa binti ikatoka sauti ya kiume: "Askari haachi lindo mpaka apokelewe."

Fundi viatu aliyajua maneno hayo. Ghala lile ndiyo iliyokuwa kambi ya jeshi alikofunzwa ujanani. Kuruta mwenzake alikufa kwa homa akiwa lindoni, nyuma ya ghala la silaha, na tangu hapo ilinong'onwa kwamba jini limevaa umbo lake, linaendelea na zamu.

"Tumrudishe hukohuko," shehe alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kusema na jini hilo niachie mimi."

"Nitanyamaza, shehe. Mradi apone."

Walifika adhuhuri. Kiwanja cha gwaride kilijaa malori na wapakuzi weupe kwa unga. Nyuma ya lililokuwa ghala la silaha palikuwa na baridi, na shehe aliposoma zikasikika buti zikigeuka, zikienda na kurudi, zikawakaribia hata harufu ya jasho la homa ikawajaa puani, na sauti ya shehe ikakauka, na binti akaanguka, macho yamepinduka, pumzi ikimtoka kidogokidogo kama maji ya mtungi uliotoboka.

"Ya Rabi, usinichukulie na huyu!"

Fundi viatu akaruka, akabana visigino kama alivyofunzwa.

"Lindo nimelipokea. Nenda!"

Buti zikanyamaza. Binti akavuta pumzi ndefu.

"Baba, miguu inaniuma."

"Alhamdulillahi, mwanangu."

"Twende nyumbani."

Fundi viatu alijaribu kunyanyua mguu, haukutoka ardhini. Shehe akamshika kiuno, akavuta. Wakavuta wote wawili. Ilikuwa kama kuvuta nguzo.

"Mpeleke, shehe. Ana njaa."

"Simwachi baba yangu! Atatokaje hapa?"

"Mpaka mtu ampokee," shehe alinong'ona.

Binti akawakimbilia wapakuzi, akamshika huyu mkono, akampigia magoti yule.

"Kaka zangu, nani atampokea baba?"

Kila mmoja aliangalia viatu vyake.