Nywele za Hildemar

Tarehe mosi Machi, jua likiwa limeshapanda juu ya mto Oise, Hildemar aliamka, akapeleka mkono kisogoni, akapiga ukelele uliosikika hadi zizini. Nywele zilizomfika kiunoni, ambazo mkasi haukuzigusa tangu azaliwe, zilikuwa zimekatwa usawa wa masikio. Na saa sita mchana jeshi la Wafranki lilikuwa limkweze juu ya ngao na kumwita mfalme.

Kwetu mwana wa kifalme aliyekatwa nywele ni mtu kama mimi na wewe. Babu zake wanaweza kuwa wafalme hata kumi, haimsaidii. Ndiyo maana Warnulf, mkuu wa jumba la mfalme, hakupoteza muda kuuliza. Wakubwa wakipatwa na aibu humtafuta mdogo wa kuibeba, nami hilo limenichosha. Alimkamata mjakazi Leuba, mshika kichana wa Hildemar, akaamuru atundikwe langoni kabla ya saa sita.

Saa tatu Magnerik, mchunguzi wa liwali, alimkuta pale langoni, kamba tayari shingoni.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," Magnerik aliwafokea walinzi. "Na haki yake ni kuulizwa. Haya Leuba, uliziona mara ya mwisho lini?"

"Jana magharibi, bwana. Nilikuwa namchana, akasinzia sijafika hata nusu."

"Alikuwa amekunywa?"

"Kikombe kimoja cha mvinyo. Bibi yake alionja kwanza, akampa palepale, naye akakimaliza."

"Bibi Amalgard huonja kila siku?"

"Kila kikombe! Tangu mwanawe, baba wa Hildemar, alishwe sumu, hamwachii mtu mwingine kazi hiyo."

Magnerik aliingia chumbani mwa Hildemar. Sakafuni hapakuwa na unywele hata mmoja. Kikombe kilikuwa bado chini ya kitanda. Alichovya kidole kwenye mashapo ya mvinyo, akalamba, akatema. Uchungu wa kasumba, dawa ya kulaza mtu. Sasa alijua kwa nini kijana mzima alikatwa nywele asishtuke.

Saa nne alimfuata Abati Sigrad kanisani. Kila mtu alijua kwamba Sigrad alikuwa akimtaka Hildemar monasterini, yeye pamoja na mashamba yake.

"Mkasi wako wa kunyolea watawa uko wapi, baba?"

"Pale ukutani. Na usinitazame hivyo! Nimeukuta umetundikwa kichwa chini, mtu kauchukua na kuurudisha."

"Wewe ndiye mwenye faida."

"Faida gani, mwanangu?" Sigrad alicheka kwa hasira. "Ningekuwa mimi, ningemnyoa utosi, nimfanye mtawa kabisa, mashamba yake yaje kwetu. Huyu kakatwa kama mkulima yeyote Mfranki. Anaweza kuoa, kulima, kuzeeka. Adui gani anafanya kazi nusunusu?"

Magnerik alikumbuka sakafu iliyokuwa safi. Adui pia asingeziokota nywele. Angezitupa jaani ili watu wacheke.

"Alfajiri nani alikuja kusali?"

"Mmoja tu. Bibi Amalgard. Alifika kabla sijawasha mshumaa, macho makavu kabisa, hana hata dalili ya usingizi."

Magnerik aliondoka bila kuaga.

Saa tano na nusu wote walikuwa uani mbele ya lango, Leuba bado na kamba shingoni. Warnulf alisimama na upanga kiunoni. Hildemar alikuwa amejifunika kitambaa kichwani. Amalgard, mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliketi kwenye kigoda akisokota sufu.

"Mtundikeni tuendelee!" Warnulf alifoka.

"Subiri, bwana mkubwa," alisema Magnerik. "Mvinyo wa jana ulitiwa kasumba. Aliyeunywa alilala mpaka jua likapanda. Bibi, wewe uliuonja?"

"Watu wote waliniona."

"Alfajiri ulikuwa wa kwanza kanisani, penye mkasi. Aliyeonja kasumba ile angekuwa bado anakoroma. Ulilowesha midomo tu, bibi, kwa sababu ulijua kilichomo. Ulimkata, ukaziokota zote, ukaurudisha mkasi kabla ya sala, ukautundika kichwa chini."

Mkono wa Amalgard haukusimama. Aliendelea kusokota hadi uzi ukakatika.

"Mfungueni huyo binti," alisema. "Ningesema kabla ya kamba kuvutwa."

"Ungesema?" Magnerik alishindwa kujizuia. "Ana alama shingoni, na wewe umekaa hapa unasokota sufu!"

Mwanamke yule aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. Walinzi walimfungua Leuba, akaanguka magotini akikohoa.

"Bibi!" Hildemar alipaza sauti. "Mimi ni damu ya wafalme! Umeniua!"

"Damu ya wafalme naijua, nimeifua," Amalgard alijibu, naye sasa amesimama. "Babu yako alikwezwa juu ya ngao, akachomwa kisu mwaka wa pili. Baba yako alikwezwa na baba yake huyu Warnulf. Alitia sahihi alichoambiwa. Siku aliyokataa, akaletewa kikombe. Wote nimewazika na nywele zao ndefu, nimezichana mwenyewe. Wewe sikuchani kaburini!"

"Hukuniuliza!"

"Ungekubali?"

"Kamwe! Nakuchukia. Mpaka nife nitakuchukia!"

"Nichukie, mjukuu wangu. Nichukie miaka arobaini."

Warnulf hakuwa akiwasikiliza. Alimwita mpanda farasi wake.

"Yule binamu yake aliyefungiwa monasteri ya ng'ambo, nywele zimemrudi mpaka wapi?"

"Mabegani, bwana mkubwa."

"Zinatosha. Kamlete. Jeshi liambiwe ni kesho."

Farasi akatoka langoni kwa kasi. Hakuna aliyemtupia Hildemar jicho. Hata mtumishi aliyekuwa ameishika ngao aliiegemeza ukutani, akaenda kula.

"Umesikia?" Amalgard aliuliza kwa sauti ya chini.

Hildemar alivua kitambaa. Aliishika shingo yake iliyo wazi, akaipapasa polepole, huku akiitazama ngao pale ukutani.