Hatua Tatu Nyuma

Foleni ilianzia kwenye mlango wa kioo wa duka la vifaa vya elektroniki, ikazunguka nguzo mbili za jengo na kuishia kando ya ngazi, na kila aliyekuwamo alikuwa na uvumi wake. Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Mashine mpya ya gemu, ambayo watu walikwisha kuiita Nyeusi kabla kampuni haijatangaza jina, ingetoka baada ya wiki sita. Siku hiyo ilionyeshwa sampuli moja tu. Wengine walisema haina feni. Wengine waliapa kwamba haihitaji hata waya wa umeme. Lakini uvumi uliowatoa watu majumbani ulikuwa mmoja: kwamba ndani ya Nyeusi mna mwenza anayecheza nawe, ambaye si mtu, na ambaye hucheza kama mtu.

"Ni mtu huyo," alisema mwanamume mmoja mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi mkunjo wa mkono ukasimama kama ukingo wa rula. "Amekaa nyuma ya pazia na pedi yake ya kuchezea, analipwa kwa saa."

"Na wewe umekuja kumsalimia?" iliuliza sauti nyuma yake.

Aligeuka. Alimwona mwanamke mwenye aproni ya buluu iliyojaa mifuko, kitambaa cha njano kichwani, na bisibisi ndogo iliyochomekwa juu ya sikio kama kalamu ya karani. Wakati huohuo foleni ilisukumana, na ndala ya mwanamke ikatua juu ya kiatu cheusi kilichong'arishwa.

"Samahani, kaka. Nimekanyaga kioo chako."

"Hicho ni kiatu."

"Basi mbona najiona?"

Mwanamume hakuwa mwepesi wa kucheka, lakini alicheka. Yeye alikuwa mwandishi wa gazeti la kila wiki, na kwa miaka tisa safu yake ya vifaa vipya ilikuwa imekataa kuamini takriban kila kilichotangazwa. Wasomaji walimwita Sisadiki, naye hakuona sababu ya kulikana jina alilolipata kwa jasho lake.

"Wewe ndiye Sisadiki!" mwanamke aligutuka. "Yule anayesema kila simu mpya ni ya zamani iliyokogeshwa?"

"Ndiye. Na mwenzangu?"

"Fundi. Ghorofa ya chini, mlango wa nne. Mashine zote za gemu zinazokufa mjini huletwa kwangu."

"Basi nitakuita Bisibisi."

Waliingizwa wawili wawili, dakika tano kila jozi, katika chumba kilichofunikwa kitambaa cheusi pande zote. Sisadiki alianza kwa kufunua pazia. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Aliugonga kwa kidole. Ukajibu kama ukuta.

"Umemkosa?" Fundi alinong'ona.

"Yupo mahali."

Kwenye skrini kulikuwa na mji usio na watu, mapaa ya nyumba yakiwa yamesogeleana, na ukungu ukipita katikati. Hapakuwa na muziki, ila mlio wa nyayo tu. Walikuwapo watatu juu ya paa: yeye, Fundi, na mwenza aliyevaa kijivu, ambaye uso wake haukuchorwa. Walipofika ukingoni, mwenza alisimama. Alirudi nyuma hatua tatu, akazunguka mara moja kushoto kwa utulivu, kisha akaruka. Katika ukingo wa pili alifanya vilevile.

Kabla ya ukingo wa tatu pedi ilimponyoka Fundi. Alitoka bila kuaga, akiwapangua watu, na bisibisi ikabaki sakafuni.

Jumatatu, Sisadiki aliipeleka ghorofa ya chini, mlango wa nne, ikiwa imefungwa ndani ya leso safi.

"Ungeitupa tu," Fundi alisema. "Ninazo kumi na moja."

"Kitu cha mtu hakitupwi."

Chumba kilinuka risasi ya kulehemu na vumbi lililopata joto. Mashine zilizofumuliwa zilijaa rafuni, matumbo wazi. Sisadiki aliketi kwenye kiti cha wateja, akamtazama akifunga mashine moja. Kabla ya kurudisha kifuniko, Fundi alitoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kitu upande wa ndani.

"Unaandika nini?"

"Tarehe, na neno moja juu ya mwenye mashine. Huyu nimeandika: 'Hujifanya hakushindwa.' Wenyewe hawajui. Husomwa na fundi mwingine tu, siku akiifungua."

"Na mimi ungeniandikia nini?"

"Wewe sijakufungua bado."

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumatatu, halafu kila Jumatatu na Alhamisi, halafu akaacha kujisumbua kutafuta sababu. Siku asizokuja, alipiga simu saa saba mchana, wakati Fundi alipokuwa akinawa mikono.

"Bisibisi."

"Abee, Sisadiki wangu."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe umeamini nini leo?"

"Hakuna."

"Hata mimi?"

"Wewe bado uko kwenye majaribio. Matokeo ya awali yanatia moyo."

"Haya, mpenzi, endelea kupima. Ila usinifungue skrubu kabla ya mahari."

Ilikuwa katika wiki ya tatu, mchana wa mvua, Fundi alipomweleza kilichomtoa mbio katika chumba kile. Alisema bila kumtazama, mikono yake ikiendelea kukaza skrubu.

"Yule mwenza ni kaka yangu."

Sisadiki alivuta kiti karibu.

"Alifariki miaka mitatu iliyopita. Gemu yoyote uliyompa, akifika ukingoni anarudi hatua tatu, anazunguka kushoto, ndipo anaruka. Nilimwuliza anafanya nini. Alisema, 'Nampisha anayetaka kupita kwanza.' Nikamwambia, mbona unacheza peke yako? Akacheka tu."

"Mama anajua?"

"Mama asijue kabisa. Moyo wake hauwezi. Na wewe usimwambie mtu."

"Sitasema," alijibu. Na mtu yule akitoa ahadi, huishika.

Siku nane baadaye safu yake ilitoka chini ya kichwa cha habari kikubwa: Wafu Hawachezi. Humo alidai kwamba mwenza wa Nyeusi ni kumbukumbu za wachezaji halisi, zilizokusanywa pasipo kuulizwa. Kwamba kampuni inajua na haisemi. Kisha zikaja sentensi mbili: "Yuko aliyeniambia kwamba amemwona marehemu wake ndani ya mashine hii. Namheshimu katika majonzi yake, lakini alichokiona si mtu."

Fundi aliisoma akiwa amesimama. Alipiga simu yeye, asubuhi, kwa mara ya kwanza.

"Sisadiki."

"Bisibisi wangu, mbona mapema?"

"Uliapa."

"Niliapa, na sikuvunja. Hukutajwa wewe. Niliandikiwa barua na mtu mwingine."

"Nani?"

"Barua za wasomaji hazina jina nje ya meza yangu."

"Nionyeshe hiyo barua."

"Siwezi, mpenzi. Aliyeniandikia aliniamini, kama ulivyoniamini wewe."

"Watu wangapi mjini wamemwona marehemu wao mle, Sisadiki? Wangapi?"

"Sijui."

"Basi mimi najua. Mmoja."

Simu ilikatwa. Alhamisi Sisadiki alikuta mlango wa nne umefungwa. Jumatatu ulikuwa wazi, lakini Fundi alimhudumia kama mteja, akamwuliza kifaa chake kina tatizo gani, kisha akamwambia apishe wengine. Ilikuwapo njia rahisi: kuitoa ile barua mfukoni, ambamo alikuwa akitembea nayo. Hakuitoa. Alirudi kazini, na kwa siku kumi na mbili saa saba mchana zilipita bila simu kulia.

Wiki moja kabla ya Nyeusi kutoka, kampuni ilimpelekea Sisadiki sampuli ileile ya maonyesho, aipime kwa siku moja na kuirejesha saa kumi na moja jioni. Labda walidhani kwamba akiishika nyumbani kwake atalainika. Aliitazama mezani, kiboksi cheusi kisicho na nembo. Haikuwa imechomekwa, lakini alipoweka kiganja juu yake alihisi uvuguvugu, kama wa kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Aliibeba mpaka mlango wa nne. Saa nane mchana ilikuwa imepita kidogo. Fundi alikuwapo, na pembeni yake, kwenye kiti cha wateja, aliketi mama mtu mzima mwenye khanga ya zambarau, mkoba umebanwa magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kikazi," alimwambia Fundi. "Wameniruhusu kuifungua, kwa maandishi. Mimi si fundi, na sifungui cha watu bila fundi."

Fundi alitazama kiboksi, akamtazama mama yake, rangi ikamtoka. "Si leo."

"Leo," alisema mama. "Nani huyu, mwandishi? Yule wa Wafu Hawachezi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Barua yangu uliipata, basi."

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Barua yako, mama?"

"Nilikwenda kuiona mashine siku ya pili ya maonyesho. Majirani waliniambia ina kijana wa kijivu. Nikamwandikia bwana huyu kuomba wasije wakamzima. Nikatia sahihi 'Mama wa Mrukaji', maana niliogopa wewe usije ukajua. Moyo wako hauwezi."

Fundi alimgeukia Sisadiki. "Ungesema tu! Siku kumi na mbili!"

"Sikujua ni mama yako."

"Lakini barua ulikuwa nayo."

"Ninayo hapa mfukoni."

"Mfukoni!" Alimtupia kitambaa cha kufutia mafuta, kikatua juu ya lile shati jeupe. "Mwanamume gani wewe!"

"Aliyenyooka," alisema mama. "Hawa wana taabu zao, lakini hawapotei. Fungua mashine, binti yangu."

Skrubu zilitoka moja moja. Kifuniko kilipoinuka, Fundi alitulia, kama mtu aliyeitwa jina barabarani asijue na nani. Ndani, katikati ya vipande vipya vinavyong'aa, mlikuwa na ubao mmoja wa zamani wa kumbukumbu, umeunganishwa kwa waya nyembamba, na juu ya bati lake palikuwa na mwandiko wa penseli: tarehe ya miaka minne iliyopita, na maneno manne. Ya kaka. Hupisha kwanza.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema.

Kisha akasema na lile alilokuwa amelificha. Mwaka uliopita bwana mmoja wa suti ya kijivu alipita kwa mafundi wote akinunua mashine mbovu, hata zilizoungua. Yeye alimpa ishirini, na ya kaka ikawa ya ishirini na moja, kwa sababu hakuweza tena kuiona pale rafuni. Mama aliambiwa kwamba inatengenezwa.

"Nisamehe, mama. Niliiuza."

"Nilijua tangu siku ile," alisema mama. "Sehemu yake rafuni haikuwa na vumbi, na hukuwahi kupapangusa."

Sisadiki alivuta pumzi. Hoja yake yote ilikuwa pale, imeandikwa kwa penseli: hapakuwa na muujiza, palikuwa na mikono ya watu iliyochukuliwa bila ruhusa. "Nahitaji kupiga picha ya bati hili," alisema taratibu. "Lakini mwandiko ni wako. Ukikataa, siandiki."

"Na ukiandika, watamzima?"

"Watawazima wote."

Fundi alimtazama mama yake. Mama alifungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa. "Nipe hicho kidude cha kushika," alisema.

Waliiwasha. Mapaa yaliyosogeleana yalitokea, na ukungu, na mlio wa nyayo. Mama hakujua kucheza. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akagonga kuta, akageuka alikotoka. Mwenza wa kijivu alikwenda naye polepole mpaka ukingoni. Akasimama. Akarudi nyuma hatua tatu. Akazunguka kushoto.

Hakuruka.

Walingoja. Dakika ilipita kwenye saa ya ukutani, halafu ya pili. Kumbukumbu iliyorekodiwa haingoji mtu. Sisadiki alilijua hilo kuliko wote waliokuwamo. Kijana yule alisimama pembeni ya njia, uso usiochorwa ukiwaelekea.

"Haya, nimekuona," mama alisema. Akabonyeza, akaruka peke yake, akafika ng'ambo. Hapo akaweka pedi chini na kuchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. "Piga picha yako, mwanangu. Mtoto ameshatupisha."

Saa kumi na moja sampuli ilirejeshwa, nzima, na ubao ndani yake, kwa kuwa uliuzwa na haukuwa tena wao. Safu ilitoka na picha. Barua za watu ambao mashine za ndugu zao ziliuzwa kwa bwana yule zikajaa ofisini. Na kampuni ikaahirisha Nyeusi kwa muda usiotajwa. Mambo yote aliyoyaona Sisadiki aliyaandika, isipokuwa zile dakika mbili.

Mwezi mmoja baadaye alileta redio ndogo mlango wa nne.

"Ina tatizo gani?"

"Ifungue."

Haikuwa na tatizo lolote. Upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na penseli, herufi zimesimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride: "Mwenye redio hii anaomba kumwoa fundi. Majibu yaandikwe hapa chini."

Fundi alijiumauma mdomo asicheke. Akaandika, akafunga skrubu zote nne, akamrudishia. "Kaifungue nyumbani."

"Sina bisibisi."

Alichomoa ile ya juu ya sikio, akampa. "Utairudisha Jumapili, mbele ya mama. Na uvae shati lile lenye doa la mafuta. Ndilo ninalolipenda."

Jumapili, saa nne asubuhi, alikuwa mlangoni kwa mama na shati lake lenye doa. Fundi alifungua, gauni la njano, nywele wazi, akamshika mkono kumwingiza. Sisadiki hakuingia. Alirudi nyuma hatua tatu, akasimama pembeni ya njia, na kwa muda mfupi pazia la mlango lilipeperuka kuelekea ndani, ingawa hapakuwa na upepo.

"Unampisha nani?" Fundi aliuliza, sauti yake chini.

"Sijui," alisema Sisadiki. Kisha akaingia.